Siku yangu chini ya tumbo la boti, Nungwi

Saa 10 alfajiri. Bamvu, yale maji makubwa, yamejaa. Tumeivuta boti juu ya mchanga, tukaitia gadi, miti ya kuiegemeza, nikaenda kuswali. Watu wakisikia fundi wa boti Nungwi wanawaza tezo na mbao za jahazi. Mimi nashika boti za aluminiamu, zile za kupeleka wageni kuzamia.

Saa 2 maji yamekupwa, nimelala chali na tochi mdomoni. Kukwangua, kuosha, msasa.

Saa 4 akaja mwenye boti.

"Fundi, umeniharibia! Si ulisema bati hili halishiki kutu?"

"Halishiki kutu, mkubwa. Linaliwa."

Alikuwa kaweka koki mpya ya shaba, kaikaza moja kwa moja kwenye aluminiamu, hakuna mpira wala washa ya nailoni katikati. Kuizunguka, rangi imevimba kama ngozi iliyoungua. Nikaigusa kwa bisibisi: ukamwagika unga mweupe kama wa muhogo, bisibisi ikazama. Koki yenyewe inang'aa, na hapo ndipo anapochanganyikiwa. Nikamwambia metali mbili mbalimbali zikishikana ndani ya maji chumvi ni betri, karibu nusu volti, usiku na mchana, na inayolipa ni aluminiamu.

"Mbona zinki ninayo? Miaka miwili haijapungua hata kidogo!"

Nikaenda kuiona, kile kipande kinachofungwa kwenye tumbo la boti. Kaipaka rangi nyekundu, mara mbili, safi kabisa. Lo! Zinki kazi yake ni kuliwa kwa niaba ya boti. Kama miaka miwili bado nzima, basi imekula mshahara wa bure.

Hakukubali. Akampigia ami yake mjini, akaweka spika, nikaanza upya: shaba, chumvi, betri. Ami naye akauliza kama aluminiamu ilikuwa feki. Huku maji yashaanza kurudi.

Sijui saa ngapi nilikula, wala kama nilikula. Koki imetoka, tundu limepanuka vidole vitatu vinapita. Nimeliziba kwa kipande cha aluminiamu na gundi ya baharini, ifike tu kwa mchomeleaji. Kesho ana wageni. Nimemwambia boti haitoki. Kanuna.

Nikaanza kukwangua ile rangi kwenye zinki, mgongo haukunjuki, maji yako magotini. Akainama kando yangu, sauti sasa ya chini.

"Fundi, na ile ya upande wa pili niliipaka."