Metformin imefutwa

Leo kliniki daktari amesoma kipimo changu cha sukari cha miezi 3, asilimia 5.6, kisha akaifuta metformin, dawa ya kisukari, kwenye orodha ya dawa zangu kwa mstari mmoja wa kalamu.

Nimeutazama mstari ule mpaka muuguzi akacheka.

Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo mwaka jana, na kilichonishangaza ni kwamba sukari ilianza kushuka kabla uzito haujapungua sana, kwa sababu upasuaji huu hubadilisha pia homoni za utumbo.

Vidonge vya vitamini, hata hivyo, nitavimeza maisha yangu yote (hilo wengi hatulifikirii mwanzoni).

Ndugu zangu mliopitia upasuaji huu, mliachishwa dawa gani kwanza, ya sukari au ya presha?