Juma hili na Bessie Smith

Nimekuwa nikimsikiliza peke yake Bessie Smith, mwimbaji wa blues, muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi, na wimbo ninaourudia kuliko zote ni "Back Water Blues". Mwanamke anasimulia mvua isiyokatika, mtumbwi uliokuja kumtoa, nyumba iliyoanguka na yeye hana tena pa kwenda. Hapigi mayowe. Kila neno analivuta mpaka uzito wake ukufikie, na chini yake mkono wa kushoto wa mpiga piano, James P. Johnson, unanguruma kama maji yanayopanda.

Aliurekodi Februari 1927. Wengi hudhani aliimba habari ya gharika kuu ya mto Mississippi, ila kingo za mto ule zilipasuka Aprili. Wachunguzi wanauhusisha wimbo na mafuriko ya mto Cumberland yaliyoukumba mji wa Nashville wakati wa Krismasi ya 1926. Kwa hiyo watu wa Mississippi walipopoteza makazi, wimbo wa msiba wao ulikuwa umekwisha kuimbwa. Hapo ndipo ninapoipenda blues ya wanawake kama Bessie: anaimba "mimi" kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila aliyepatwa anajikuta ndani ya hiyo "mimi".

Nyimbo zilizovuma Marekani wakati ule nyingi zilitungwa New York, za mahaba na mwezi mpevu. Kampuni za santuri hazikuamini kwamba mwanamke mweusi anaweza kuuza, mpaka Mamie Smith aliporekodi "Crazy Blues" mwaka 1920 na watu wakainunua kwa maelfu. Ndipo zikakimbilia soko hilo, lakini santuri za watu weusi zikawekwa katika orodha ya peke yake, mbali na za wazungu.

Bessie alikataliwa kwanza. Sauti yake ilionekana ya kukwaruza mno. Kampuni ya santuri ya Columbia ikamchukua 1923, na "Downhearted Blues", utunzi wa Alberta Hunter na Lovie Austin, ikauzwa kwa mamia ya maelfu. Studio zilikuwa bado hazina kipaza sauti: mwimbaji aliimbia ndani ya pembe kubwa ya bati, na sauti nyembamba ilipotelea humo. Yake haikupotea. Alikuwa yatima aliyekulia akiimba barabarani katika mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, kaka yake Andrew akimpigia gitaa, akiwania masikio ya wapita njia.

Linaloniuma ni malipo. Alilipwa kwa kila upande wa santuri, basi, mrabaha hakupata. Mdororo wa uchumi ulipoangusha mauzo, Columbia ikaachana naye mwaka 1931. Akafa kwa ajali ya gari karibu na mji wa Clarksdale, jimbo la Mississippi, mwaka 1937. Maelfu walimwaga Philadelphia, na bado kaburi lilikaa bila jiwe hadi 1970, lilipolipiwa na Janis Joplin pamoja na Juanita Green, ambaye utotoni aliwahi kumpigia Bessie deki. Miaka 33! Santuri zake zilikuwa zingali zinauzwa. Nimelifikiria hili sana na sijapata namna ya kulisamehe.

Kesho nahamia kwa Ma Rainey, mwimbaji mwingine wa blues. Bessie alipojiunga na kundi la maonyesho la Moses Stokes mwaka 1912, tena kama mcheza dansi, Ma Rainey alikuwa tayari anaimba humo, na bado aliingia studio miezi kadhaa baada ya Bessie, aliyekuwa mdogo kwake kwa umri. Nataka kusikia Bessie alichukua nini kwake, na nini alikuja nacho mwenyewe kutoka Chattanooga.