Ukimya wa kwenye ndoo

Rili za kanda za sauti zilikuwa tisa, zote za kutupwa. Kituo kimoja cha redio kilikuwa kinahamishia maktaba yake kwenye kompyuta, na fundi mitambo wao, mzee wa miaka mingi kazini, akaniwekea kando zile zisizotakiwa. "Chukua, kijana. Ila zimelala miaka bila kuzungushwa, usije ukasema sikukwambia." Nilidhani anaongelea vumbi.

Nilitaka kutunga muziki kwa sauti za watangazaji peke yake. Si jambo geni: mwaka 1944 jijini Cairo, mtunzi Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio, akachezea humo sauti za zaar, ngoma ya kupunga pepo. Mwaka 1948 akafuata Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa. Muziki huu umelelewa redioni, kwa hiyo sikuona aibu kuokota makombo.

Juma zima nilikata kanda kwa wembe. Kila tangazo lilitanguliwa na ukimya wa sekunde 5 hivi; nao niliukata nikautupa kwenye ndoo. Usiku wa saba nilikuwa na dakika 11 za watangazaji walioungwa bega kwa bega. Nikasikiliza. Makelele matupu, tena makelele yenye adabu, ambayo ni mabaya zaidi.

Nikahitaji kanda tupu ya kulipumzisha sikio. Nikatia mkono kwenye ndoo, nikaweka mashineni kilichokuja, nikapandisha sauti nipime mvumo. Ndani ya mvumo ule, mtu akaongea. Kwa mbali, kama yuko nyuma ya kuta mbili. Kisha akakatika.

Kumbe mzee hakuwa anaongelea vumbi. Kanda ikikaa sana kwenye rili, sumaku ya mzunguko mmoja humwambukiza jirani aliyelaliana naye, na sauti ikaacha kivuli mzunguko mzima kabla haijasikika yenyewe. Kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, mzunguko wa nje wa rili ya inchi 7 ni karibu sekunde 3. Wa ndani kabisa, sekunde 1 tu.

Sikulala. Vipande sitini na ushei nilivipanga kwa sikio: vyenye kivuli cha sentensi nzima vilitoka nje ya rili, vyenye silabi mbili vilitoka karibu na kitovu. Nikaviunga kwa utaratibu huohuo, watu wakizidi kufupishwa maneno. Niliweka kichujio cha kupunguza mvumo, alfajiri nikakiondoa. Kilikuwa kinakula irabu.

Fundi alikuja kusikiliza. Alikaa na hedifoni dakika 5 nzima, macho sakafuni, hadi pale inapobaki "ha" ya "habari" na kanda kuisha.

"Na wenyewe wako wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha rafuni ile rili ya dakika 11. Mpaka leo sijaifungulia tena.