Figo za mzee aliyebadilishiwa vali: tazama mkojo kwanza

Mzee akitoka kubadilishiwa vali ya moyo, macho yote huwa kwenye presha, mapigo na kidonda. Figo hukumbukwa majibu ya kreatinini, taka ya damuni inayotolewa na figo, yakipanda, na hapo siku nzima au mbili zimeshapotea, maana kreatinini huchelewa. Mkojo hutangulia. Kiwango cha chini ni nusu mililita kwa kila kilo ya mwili kwa saa: mgonjwa wa kilo 60 asiyefikisha mililita 180 kwa saa sita ahesabiwe ameumia figo, hata maabara ikisema yuko sawa. Kwa kreatinini, hesabu ni kupanda mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au kufika mara moja na nusu ya kiwango cha awali ndani ya siku 7.

Na hicho cha awali huhadaa. Kreatinini hutoka kwenye misuli, na misuli ya mzee imepungua. Kwa kanuni ya Cockcroft na Gault, inayokadiria uchujaji wa figo, kreatinini ya 100 kwa kijana wa kiume wa miaka 30, kilo 75, ni uchujaji wa mililita 101 kwa dakika. Kwa bibi wa miaka 78, kilo 48, ni 31 tu. Bibi huyo aliingia chumba cha upasuaji figo zikiwa dhaifu tayari.

Mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu hupasua chembe nyekundu, na himoglobini iliyomwagika huumiza mirija ya figo. Vali ikipitishwa kwenye mshipa wa paja, mashine huepukwa, lakini kuna dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha, ambayo nayo huweza kuumiza figo. Kinachoniuma ni madhara ya wodini yanayozuilika: diklofenaki ya maumivu, antibiotiki ya jentamaisini isiyopimwa kiwango chake kwenye damu.

Mkojo ukipungua, kwanza hakikisha mpira wa mkojo haujaziba. Kisha uliza: mwili umekauka, au moyo hausukumi? Dripu kwa moyo uliolemewa hujaza mapafu maji. Furosemaidi hutoa maji, haiponyi figo. Enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hupunguzwa dozi uchujaji ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, la sivyo mgonjwa huweza kuvuja damu. Potasiamu ya damu ikizidi milimoli 6.5 kwa lita na dawa zisiishushe, ni kusafisha damu kwa mashine.

Nyumbani, mkojo ukigeuka rangi ya chai nzito wiki kadhaa baadaye, huenda damu inapenya pembeni mwa vali na chembe zinapasuka. Arudi apimwe moyo kwa ekokadiografia, na wingi wa damu, kabla figo hazijaumia tena.