Jumamosi ya saiba

Jana nimeshinda saiba (duka la intaneti) Githurai na msichana wa chuo mwaka wa 4, mamake huuza mboga soko la Marikiti, tukipanga maombi yake ya masters Marekani. Kwa barua ya kujieleza alikuwa ameandika mistari 6 tu, eti ametoka familia maskini, basi. Nikamwambia hebu nipe stori ya ile projekti yako ya maji ya Mathare, akaongea nusu saa bila kupumua, nikamwambia sasa hiyo ndio uandike! Na ile ada ya maombi ilikuwa inamnyima usingizi, kumbe hakujua vyuo vingi kule huisamehe ukiomba mapema. Mbona hawa watoto hawaambiwi haya mambo wakiwa mwaka wa 2, imeniuma sana. Saa 11 jioni tukatuma imeili ya kwanza ya kuomba ada isamehewe, vidole vikimtetemeka kwa kibodi.