Ubao wa digrii 30: nati zimeacha kuzunguka

Hatimaye kila tundu la ubao huu wa mazoezi ya kukwea miamba linakaza boliti ya kishiko bila nati kuzunguka nyuma. Fremu haina jipya: saiprasi 4 kwa 2, plaiwudi mbili za milimita 18 zilizosimama ubavu kwa ubavu kupata sentimita 244 kwa 244, na kibao wima cha sentimita 30 chini. Kwa mwinamo wa digrii 30 kutoka wima kimo chote ni mita 2.41, unaingia chini ya dari bila kubomoa kitu. Matundu yako kila sentimita 20, la kwanza sentimita 12 kutoka ukingoni, na mihimili iko kwenye sentimita 42, 82, 122, 162 na 202 ukiacha ile ya pembeni, kwa hiyo hakuna tundu linaloangukia mbao. Chini ni magodoro mazito. Basi.

Kero ni nati za T, yaani zile zenye shingo na bamba la meno, zinazoingizwa nyuma ya ubao ili kupokea boliti za vishiko. Ubao huu una 144, na nati moja inayozunguka huku boliti imekwama ndani inatosha kukutilia nyongo siku nzima, maana kishiko hakitoki wala hakikazi.

Nati ya T inashikwa na meno yake manne tu. Plaiwudi ya bei nafuu ina mapengo katika tabaka za ndani, na jino likiingia penye pengo linashika hewa. Kabla ya kulipa, tazama ukingo wa ubao, kisha ugonge kwa sarafu na kusikiliza penye mvumo. Plaiwudi nzuri ya bechi (birch) ya milimita 18 ina tabaka 13. Ile ya marini ambayo mafundi wa ujenzi humwagia slebu ndiyo rahisi kupata Nairobi, na kwa nguvu haina shida, ila tabaka zake ni chache na nene, na ile ngozi yake ya kahawia inateleza kama sabuni. Msasa namba 60 uso mzima, la sivyo mguu hauna pa kukanyagia.

Sababu ya pili ni tundu. Nati za M10 (za boliti yenye kipenyo cha milimita 10) nyingi zinataka tundu la milimita 12. Za inchi 3/8 zinataka inchi 7/16, yaani kama milimita 11. Usiamini maandishi ya boksi, pima shingo ya nati kwa vernia. Tundu likilegea hata kidogo, nati inakaa upande, boliti inaingia upande, nyuzi zinakulana, na nguvu yote ya mkono inaishia kwenye yale meno manne. Toboa ukianzia mbele, lakini bana kipande cha mbao taka nyuma, kwa sababu drili ikitokea bila kizuizi inachana tabaka la mwisho, na hapo ndipo meno yanapotakiwa kushika.

Ya tatu ndiyo inayowapoteza wengi: maduka ya vifaa huchanganya boliti za M10 na za 3/8 kwenye ndoo moja. Kwa macho ni pacha. M10 ya kawaida ina hatua, yaani umbali kutoka uzi hadi uzi, ya milimita 1.5, 3/8 ina nyuzi 16 kwa inchi, ambayo ni karibu milimita 1.59. Boliti ya 3/8 kwenye nati ya M10 inaingia mizunguko michache ikilegalega, halafu inakaba, na ukiongeza nguvu nati inang'oka. Dawa ni kulaza boliti mbili ubavuni, nyuzi kwa nyuzi, na kuzishika mbele ya dirisha. Zikiwa tofauti, utaona mwanga unapenya kadiri unavyosogea upande wa ncha.

Kuhusu nyundo: gonga kidogo tu ili meno yaanze kuuma, kisha vuta nati kwa boliti ndefu ya milimita 70 na washa pana upande wa mbele, ukikaza taratibu kwa spana. Inaingia imenyooka. Kuipigilia nyundo hadi mwisho kunapasua tabaka. Epoksi chini ya bamba inasaidia kwa muda, lakini ikimwagikia kwenye nyuzi umejitengenezea kero nyingine.

Hata hivyo, baadhi ya matundu yalikataa kila tiba, hasa safu za juu ambako vishiko vikubwa vinahamishwa mara kwa mara. Jibu limetoka kwa mafundi wa jua kali. Flati ya chuma ya milimita 40 kwa 3, ikatwe vipande vya milimita 50, itobolewe milimita 11 katikati na matundu manne madogo pembeni. Nati ya kawaida ya M10 inachomelewa nyuma yake. Boliti ipitishwe wakati wa kuchomelea ili nati isihame, na moto uguse sehemu mbili au tatu tu. Ukizungusha moto nati yote inajikunja. Tumia nati nyeusi, si zilizopakwa zinki, maana ule moshi mweupe ni sumu. Ikipoa, pitisha tapu ya M10, kile kifaa cha kukatia nyuzi, kuzisafisha. Bamba linafungwa kwa skurubu nne za milimita 16: milimita 3 zinaishia kwenye chuma, milimita 13 zinauma mbao, na skurubu hazitokezi mbele.

Sasa urefu wa boliti unabadilika, na hili ni rahisi kulisahau. Nati ya T ina shingo ndani ya ubao; hii iko nyuma kabisa. Piga hesabu: unene wa kishiko chini ya kichwa cha boliti, jumlisha 18 za ubao, 3 za bamba, na 8 za nati. Kishiko cha milimita 25 kinadai 54, kwa hiyo nunua 60. Boliti ya 40 iliyotosha zamani haifiki hata kwenye uzi.

Kukaza ni kwa mkono. Ufunguo wa aleni wa 8 kwa boliti za kichwa cha pipa, wa 6 kwa zile za kuzama. Mashine ya kukazia inayogonga ni nzuri kwa kufunga fremu, lakini kwenye vishiko haina huruma: haisikii boliti ilipoanza kwenda upande, mkono unasikia. Na uache nafasi nyuma. Chini ya ubao iwe sentimita 45 kutoka ukutani, la sivyo safu ya kwanza haifikiki kwa koleo. Iliyokwama tayari, ingiza patasi chini ya kishiko ili nati ivutwe kwenye mbao, ndipo ufungue. Ikikataa, gurainda ikate kichwa cha boliti.

Wapo wanaocheka digrii 30, kwamba bila 40 si ubao. Sawa, MoonBoard, ule ubao maarufu wa mazoezi, kwa kawaida ni 40. Lakini miamba tunayoiendea haiko hivyo. Lukenya ni naisi, inadai mguu na subira. Hell's Gate ni nyufa za mwamba wa volkano, na mtu mwenye vidole vya chuma asiyejua kutia mkono kwenye ufa atahangaika pale huku kamu zote, vile vifaa vya usalama vya kubana ndani ya ufa, zikining'inia kiunoni.

Ndiyo maana taa zilizopangwa kufungwa chini ya kila kishiko zimewekwa kando, na sasa ni zamu ya ufa wa mbao wa kujizoeza kutia mkono. Mbao mbili za saiprasi 8 kwa 2, mita 2.4, zikitazamana, zimeunganishwa kwa stadi (fito za chuma zenye nyuzi) za M12 kila sentimita 40, zikipita sentimita 5 kutoka ukingo wa nyuma ili mkono usizigonge. Kila ubao unabanwa na nati mbili, moja ndani na moja nje, hivyo ufa unarekebishika: karibu milimita 25 kwa vidole, 50 kwa kiganja, 90 kwa ngumi. Washa ndogo hazifai hapa. Mkono ukitanuka, mbao zinafunguka upande wa mbele, kwa hiyo kila nati ikalie bamba la milimita 50 kwa 50, unene wa 5. Kingo za mbele zinazungushwa kwa randa na msasa namba 120, bila vanishi. Vanishi inakula chaki na kuacha mkono ukiteleza.