Pita benchi zima kabla ya kugusa kadi

Kliniki ya watoto inapofunguliwa asubuhi, kadi hupangwa kwa aliyetangulia. Mpangilio huo unaua. Kiongozi wa zamu amtume muuguzi mzoefu apite benchi zima kwanza, awaombe akina mama wafunue kanga.

Anatafuta dalili za hatari: pumzi za kuhangaika, ulimi wa bluu, degedege, kupoteza fahamu, kuharisha na macho kuzama. Kisha ashike mikono. Ikiwa ya baridi, abonyeze ukucha kwa sekunde 3 na kuachia. Wekundu ukichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, na mapigo ni dhaifu na ya haraka, huyo ana mshtuko, yaani damu haizunguki vya kutosha mwilini. Abebwe ndani sasa hivi, kadi itafuata. Wa chini ya miezi 2, aliyepauka sana, aliyekonda mno au mwenye miguu yote miwili iliyovimba husogezwa mbele ya foleni.

Kugawa kazi ndiko kunakoharibika zaidi. Mhudumu apime uzito na joto, asogeze mtungi wa oksijeni. Asiachiwe kuamua nani asubiri. Na "niangalizie wale" si agizo. Sema: "Dada, mhesabie pumzi mtoto huyu wa miezi 8 kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Zikifika 50, niite." Naye arudie alichoambiwa.

Mzunguko wa benchi urudiwe kila mara, maana aliyekuwa anacheza saa mbili anaweza kuwa amelegea saa tatu.